Nafsi 23 na Mabinti Watatu

Katika filamu iitwayo Split, aliyoitunga na kuiongoza M. Night Shyamalan na ikaanza kuonyeshwa mwaka 2016, liko tukio moja dogo ambalo hupita upesi machoni pa mtazamaji, nami napenda tuanze nalo, kwa kuwa naliona lina uzito kuliko damu yote imwagikayo baada yake. Binti aliyetekwa nyara, jina lake Casey Cooke, anafanikiwa kwa subira na upole mwingi kuipata redio ya mkononi ambayo mtekaji wake huitumia kazini. Anaibonyeza, anasikia sauti ya mwanamume ikimwitikia, anamweleza kwamba amefungiwa pamoja na wenziwe na kwamba wanahitaji kuokolewa, na yule mwanamume, ambaye ni mfanyakazi wa mahali papo hapo, anayapokea maneno hayo kuwa ni mzaha. Sauti imefika na maneno yamesikika, lakini hayakusadikiwa. Wengi walioitazama filamu hii hukumbuka mwanamume mwenye nafsi nyingi, na ni haki yao, maana ndiye aliyewekwa mbele kwenye matangazo. Lakini mimi, kila nikiifikiria, naona kwamba habari yake hasa ni habari ya watu wanaosema kweli pasipo mtu wa kuwaamini, na kwamba hofu yake iliyo kubwa imekaa papo hapo.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Katika mji wa Philadelphia, huko Marekani, mabinti watatu wa shule, Claire, Marcia na huyo Casey, wanatoka katika karamu ya siku ya kuzaliwa ya Claire. Casey hakualikwa kwa mapenzi bali kwa huruma, na kwa kuwa hana wa kumrudisha nyumbani, baba yake Claire anajitolea kumchukua garini pamoja na wale wawili. Mtu wasiyemjua anaingia garini badala ya baba huyo, anajifunika pua na mdomo, anawapulizia dawa ya kulevya, nao wanazinduka ndani ya chumba kisicho na dirisha. Kabla ya dawa hiyo kumfikia, Casey aliyekuwa amekaa kiti cha mbele alikwisha kufahamu kwamba mambo yameharibika. Akaunyosha mkono taratibu kuufungua mlango, na gari, kama yalivyoundwa magari ya siku hizi, likalia kengele yake ndogo ya kuonya kwamba mlango u wazi. Sijaona katika sinema za kutisha za miaka hii kitisho kilichofanywa kwa sauti ndogo namna hiyo.

Shyamalan ni mzaliwa wa Mahé nchini India, aliyeletwa Marekani angali mtoto mchanga na kulelewa katika viunga vya Philadelphia, na mji huo ameufanya kuwa uwanja wa hadithi zake tangu zama za The Sixth Sense ya mwaka 1999, iliyompatia sifa ulimwenguni. Kwa Split alitumia dola milioni 9 tu, ambazo kwa desturi za Hollywood ni fedha haba, na mapato yake yakapita dola milioni 270. Uhaba huo ulimsaidia. Sehemu kubwa ya filamu inapita katika vyumba vya chini ya ardhi, katika ujia mwembamba wenye mabomba darini, na uso wa mwigizaji mara kwa mara unaletwa karibu sana na jicho la kamera hata mtazamaji naye hukosa pa kugeukia. Ni baadaye sana ndipo tunapojua kwamba vyumba hivyo viko chini ya bustani ya wanyama, ambako mtekaji ni mfanyakazi, na kwamba watu wa mji walikuwa wakija juu ya vichwa vya mateka hao kuwatazama simba waliofungiwa.

Utekwaji umesimuliwa kwa akili nyingi, na akili hiyo aghalabu ni ya Casey. Wenziwe ni mabinti wema, waliolelewa katika nyumba zenye salama, nao wanaamini kwamba wakishirikiana wakampiga mtu yule kwa pamoja watatoka. Casey anawasikiliza akiwa ameketi kimya, akiwauliza kwanza wanajua nini juu ya mtu huyo na anataka nini. Mtekaji anapomkokota Marcia kwenda chumba cha pili, Casey anamnong'oneza neno moja la haraka, kwamba ajikojolee. Amekwisha kuona jinsi mtu yule anavyopangusa kiti kabla ya kukikalia na jinsi anavyokunja kitambaa chake, akatambua kwamba uchafu unamkirihi kuliko kitu chochote. Hila hiyo inamwokoa Marcia saa ile. Mtazamaji mwenye kufikiri hujiuliza: mtoto wa makamo hayo amejifunza wapi elimu ya kumsoma mtu mzima mwenye nia mbaya, kujua saa ya kunyamaza na saa ya kusema, na kuvaa shati juu ya shati juu ya shati? Jawabu tunapewa kidogo kidogo, katika kumbukumbu za utoto wake za kwenda msituni kuwinda kulungu pamoja na baba yake na ami yake, nami nitalifikia.

Sasa tumtazame mtekaji. Jina lake ni Kevin Wendell Crumb, na ndani ya mwili wake mna nafsi 23, kila moja ikiwa na jina lake, umri wake, mwendo wake na hata siha yake. Mwigizaji wake ni James McAvoy, mtu wa Glasgow, Uskochi, naye hatuonyeshi zote. Tunazoziona waziwazi ni kama nane hivi. Yuko Dennis, mkali na mpenda unadhifu, ambaye ndiye aliyewateka mabinti. Yuko Patricia, mwanamke wa adabu nyingi na sauti laini yenye ubaridi wa kutia hofu. Yuko Hedwig, mtoto wa miaka 9 mwenye kitembe. Yuko Barry, mbunifu wa mavazi, aliye mchangamfu na mwenye upole. McAvoy hana nywele kichwani wala hatumii sura za bandia. Anabadilisha namna ya kubana mdomo, namna ya kusimama, mahali macho yanapotua, nasi tunajua aliyeingia hata kabla hajanena. Palipo bora kupita pote, kwa maoni yangu, ni pale Dennis anapokwenda kwa tabibu akijifanya kuwa ni Barry. Hapo mwigizaji anatuonyesha mtu mmoja aliyejificha ndani ya mwingine, na tabibu anamgundua kwa jambo dogo la unadhifu wake, kwamba hawezi kuacha kitu kikae upande pasipo kukinyoosha.

Naye Hedwig ndiye aliyenisikitisha zaidi. Anajisifu kwa Casey kwamba chumbani mwake mna dirisha, na Casey, akidhani kwamba amepata njia ya kutokea, anambembeleza kwa maneno matamu mpaka apelekwe huko. Wanapofika, dirisha ni picha iliyochorwa na kubandikwa ukutani. Mtoto yule hakusema uongo kwa nia ya kudanganya. Hilo ndilo dirisha alilo nalo, naye ni mateka katika nyumba ile kama walivyo mateka mabinti watatu, tena amekaa humo miaka mingi kuliko wao. Kwa tukio hilo peke yake Shyamalan amesema juu ya nafsi iliyofungiwa katika umri wa miaka 9 jambo ambalo hotuba za tabibu katika filamu hiyohiyo hazikuweza kulisema.

Asili ya yote ni mama. Kevin alipokuwa mdogo, baba yake alipanda treni asirudi tena, naye akabaki mikononi mwa mama aliyekuwa akimwadhibu kwa ukatili kila alipofanya uchafu kidogo, akimwita kwa majina yake yote matatu huku ameshika waya wa kuangikia nguo. Dennis alizaliwa hapo, ili kila kitu kiwe safi na mtoto asipigwe. Wengine walizaliwa kwa haja nyinginezo za namna hiyo, kila mmoja akiwa ngao dhidi ya pigo fulani. Na tabibu wake, Dakta Karen Fletcher, aliyeigizwa na Betty Buckley, ni mtu mmoja katika mji mzima anayewasadiki wote. Anapokea barua zao, anawapa wakati wao, anawatetea mbele ya wanazuoni wenziwe wanaomwona kuwa amepotoka. Kumsadiki kwake ndiko kunakomfanya Kevin aishi na kufanya kazi kama watu. Lakini liko jambo moja ambalo tabibu huyu hakulisadiki: Dennis na Patricia walipomwambia kwamba yuko wa 24 anayekuja, kiumbe mwenye nguvu zipitazo za binadamu aitwaye Mnyama, yeye alidhani ni ndoto yao tu. Kosa hilo linamwua. Kabla ya kukata roho anaacha karatasi yenye ushauri mmoja, kwamba Kevin aitwe kwa jina lake kamili, na Casey anapolitamka, Kevin mwenyewe anazinduka, akidhani kwamba bado ni mwaka 2014. Akitambua yaliyotendwa na mwili wake, ombi lake la kwanza ni kwamba auawe.

Hadithi hii haikuzuka peke yake. Tangu mwaka 1886, Robert Louis Stevenson alipotoa kisa cha Dakta Jekyll na Bwana Hyde, waandishi wa nchi za Magharibi wamekuwa wakirejea kwa mtu mwenye mwingine ndani yake, na mwaka 1960 Alfred Hitchcock, katika Psycho, akamweka mtu huyo katika hoteli ndogo ya kando ya barabara. Huko Marekani mambo hayo yalichukuliwa pia kama tiba. Mwaka 1957 ilitoka filamu ya The Three Faces of Eve, iliyotokana na habari za mgonjwa wa kweli, na Joanne Woodward akapata tuzo ya Oscar kwa kuigiza wanawake watatu katika mmoja. Mwaka 1973 kikachapishwa kitabu Sybil, juu ya mwanamke aliyesemwa kuwa na nafsi 16, kikasomwa na mamilioni ya watu. Na miaka michache baadaye idadi ya wagonjwa waliotambuliwa kuwa na maradhi hayo ikaongezeka mno, hata baadhi ya madaktari wakaanza kushuku kwamba tabibu mwenye hamu ya kuona nafsi nyingi anaweza, kwa maswali yake na kwa dawa zake, kumfundisha mgonjwa aliye dhaifu kuzizaa. Kisa chenyewe cha Sybil kikaja kutiwa shaka kubwa. Basi hapa mizani ya kusadiki ilielemea upande wa pili: mgonjwa aliaminiwa katika yale ambayo pengine alifundishwa kuyasema.

Nalo suala likafika mahakamani. Katika jimbo la Ohio, mwaka 1977, alikamatwa kijana aitwaye Billy Milligan kwa mashtaka ya kuwateka na kuwanajisi wanawake watatu karibu na chuo kikuu, na mwaka uliofuata mahakama ikamwona hana hatia kwa sababu ya maradhi ya akili, baada ya madaktari kushuhudia kwamba ndani yake mna nafsi nyingi na kwamba mwenye kutenda si yeye. Kesi hiyo ilishangaza nchi nzima. Kitabu cha Daniel Keyes juu yake, kilichotoka mwaka 1981, kinahesabu nafsi 24. Msikilizaji atakuwa ameona jinsi hesabu hizo, watatu na 24, zinavyokaribiana na zile za filamu yetu. Mimi ninapoisoma habari hiyo, swali linalonikaa moyoni si kama Milligan alisema kweli au hakusema. Ni kwamba kurasa nyingi ziliandikwa kumhusu yeye, na wale wanawake watatu hubaki ndani ya kurasa hizo kama wapita njia.

Chama cha madaktari wa maradhi ya akili cha Marekani kiliyaingiza maradhi ya nafsi nyingi katika mwongozo wake mwaka 1980, na mwaka 1994 kikayabadilisha jina, kwa hoja kwamba mgonjwa hana watu wengi ndani yake bali ni mtu mmoja ambaye nafsi yake haikuweza kuungana. Toleo la mwaka 2013 linataja pia kwamba katika mataifa mengine hali hiyo huonekana kwa sura ya kupagawa na pepo. Sisi wa pwani tuna la kusema hapa, ingawa kwa tahadhari. Katika ngoma za pepo za Unguja na Mombasa, mtu aliyepandwa huitwa kiti; aliyekuja kichwani mwake huulizwa jina lake, kabila lake, atokako na haja yake, na pepo wa kibuki, wanaosemwa kuwa wametoka Bukini, yaani Madagaska, hudai kinywaji chao na kunena kwa lugha yao. Katika filamu nafsi za Kevin nazo husimulia kwamba zimeketi kwenye viti, kwa duara, kila moja ikingojea zamu yake ya kuingia katika mwanga. Sidai kwamba pepo na maradhi haya ni kitu kimoja, maana aliyepandwa aghalabu hupandwa hadharani, mbele ya ndugu na majirani, kwa utaratibu ujulikanao, na ngoma ikiisha hurudi kwao akiwa ni fulani binti fulani. Kevin hana ngoma wala jirani. Ana saa moja kwa tabibu, kisha hurudi chini ya ardhi.

Sasa nataka kusema kwa nini filamu hii, pamoja na ustadi wake wote, inanikera. Mwongozo ule wa madaktari unaeleza kwamba katika Marekani, Kanada na Ulaya, wagonjwa wa maradhi haya waliopata kudhulumiwa utotoni ni asilimia 90 hivi, na kwamba miongoni mwa wanaotibiwa wakiwa nje ya hospitali zaidi ya asilimia 70 wamewahi kujaribu kujiua. Kwa maneno mengine, hatari ya mgonjwa huyu huwa ni juu ya nafsi yake mwenyewe. Shyamalan anaijua sehemu ya kwanza, maana ameijenga hadithi yake juu ya mama na waya. Lakini badala ya kuendelea na njia hiyo anamgeuza mtoto aliyepigwa kuwa Mnyama apandaye kuta na kula nyama ya watu. Waganga na wagonjwa wengi walilalamika filamu ilipotoka, na nadhani walikuwa na haki. Mtu ambaye tangu utoto hakusadikiwa na yeyote, siku atakapojikaza akamweleza mwajiri au mchumba wake maradhi yake, atatazamwa kwa macho yaliyokwisha kumwona Mnyama.

Na liko baya zaidi. Mnyama ana itikadi yake: wasiopata kuteswa ni watu wasio safi, waliolala usingizi, na damu yao ni halali; walioteswa ndio watakatifu. Kwa itikadi hiyo Claire na Marcia wanauawa. Casey anajifungia ndani ya tundu la chuma, anampiga Mnyama risasi nayo haimdhuru kitu, na Mnyama anapinda vyuma ili aingie. Ndipo anapoyaona makovu katika mwili wa binti huyo, ambaye mashati yake yamekwisha kuvuliwa moja baada ya moja, akafurahi na kumwacha kwa kuwa ni mwenziwe. Tukio limepigwa picha kwa heshima kama kwamba ni rehema. Mimi silikubali. Mateso hayamtakasi mtoto. Yanamwibia usingizi na kumfundisha kuvaa mashati matatu. Na Claire, ambaye kosa lake lote ni kupendwa na baba aliyetaka kumrudisha mwanafunzi mwenziwe nyumbani, alistahili filamu imlilie japo kidogo. Haikumlilia yeye wala Marcia. Ami wa Casey angeyaona makovu yaleyale bila kustuka, maana anajua yalikotoka.

Hili ndilo jawabu nililoliahidi. Katika kumbukumbu za msituni tunamwona Casey wa miaka 5, na ami yake, akiwa peke yake naye, anamfanyia yasiyotamkika. Tunamwona mtoto huyo akimwelekezea ami bunduki, mikono ikitetemeka, na ami akiishika na kuiondoa kwa sauti ya upole kana kwamba yeye ndiye aliyekosewa. Kisha baba anafariki kwa ugonjwa wa moyo, na mlezi anayepewa mtoto ni ami huyohuyo. Tangu siku hiyo Casey ni mateka katika nyumba isiyo na kufuli, yenye majirani, yenye shule iliyo karibu, yenye walimu ambao walimwona ni msichana mtukutu asiyependa watu. Filamu inapokwisha amekwisha kuokolewa kutoka chini ya bustani ya wanyama, ameketi katika gari la polisi, na askari wa kike anamwambia kwa wema kwamba ami yake amekuja kumchukua, je, yuko tayari? Casey anamtazama, na Anya Taylor-Joy, aliyemwigiza, anatuwekea usoni maneno yote yaliyokuwa hayajasemwa. Askari yule anangoja. Hapo, kwa mara ya kwanza, yuko mtu mwenye madaraka ambaye amemtazama usoni na kungoja.

Shyamalan alirejea katika habari hiyo mwaka 2019, katika filamu ya Glass, ambamo tunaambiwa kwa maneno machache kwamba ami amefungwa na kwamba Casey analelewa na watu wengine. Maneno yenyewe yanapita kwa upesi, kwa kuwa filamu ina haraka ya kufika kwenye mapambano ya watu wenye nguvu za ajabu. Mimi ningalimwomba asimame hapo. Alimwambia nani kwanza, yule askari au mwalimu wake? Alianza na neno gani? Aliyesikia alinyamaza kwa muda gani kabla ya kujibu, na ami alipoulizwa alisema nini kwa ile sauti yake ya upole, na ni nani katika ukoo aliyesimama upande wa binti na nani aliyeacha kumwamkia? Hayo yote yalipita kati ya filamu mbili, pasipo kamera kuwapo, na kwangu mimi ndiyo filamu ya tatu ambayo bado tunamdai mwongozaji huyu.